Democratic na Republican: majina ya vyama ni yaleyale, waliohama ni watu

Ndugu yangu mmoja anaishi Texas. Alipopata uraia wa Marekani, kitu cha kwanza kilichomsumbua ni kadi ya chama: inachukuliwa wapi, na ada ni kiasi gani? Amekulia Tanzania, mtoto wa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo kwake chama ni kadi, tawi na mwenyekiti. Akaambiwa hakuna kadi. Mwezi Machi, siku ya kura za mchujo, karani wa kituo akamwuliza swali moja tu: unataka karatasi ya chama gani, Republican au Democratic? Akachagua, akapiga kura, akarudi kazini. Mpaka leo hana uhakika kama ni mwanachama au si mwanachama.

Tofauti za vyama hivi viwili huelezwa haraka haraka: Democratic mrengo wa kushoto, Republican mrengo wa kulia. Si uongo. Tatizo ni kwamba sisi tukisikia neno "chama" tunaona kamati kuu imeketi Dodoma inakata majina. Marekani hakuna kikao chenye nguvu hiyo. Mgombea hutokana na kura za mchujo, na wapigaji ni raia wa kawaida. Kuna majimbo, kama Florida na New York, yanayotaka mpiga kura awe amejiandikisha mapema kwa jina la chama, Texas haijali. Mwaka 2016 vigogo wengi wa Republican hawakumtaka Donald Trump, lakini wapiga kura wakampitisha na vigogo wakafuata nyuma. Mwaka huohuo Bernie Sanders, seneta wa Vermont aliyeingia Seneti kama mgombea binafsi (jambo ambalo Tanzania bado halijaruhusiwa), aliwania tiketi ya Democratic na kumtoa jasho Hillary Clinton mpaka majimbo ya mwisho. Hebu mtu ajaribu hivyo kwetu, asiye na kadi aje kuchukua fomu ya urais!

Kwa hiyo chama cha Marekani hakina wenyewe. Ni kama nyumba ya kupanga: wakija wapangaji wapya, na tabia ya nyumba hubadilika. Kenya tumezoea kinyume chake, watu ni walewale ila vyama vinabadilishwa kama mashati. Mwai Kibaki aliingia Ikulu mwaka 2002 kwa NARC, akatetea kiti mwaka 2007 kwa PNU. Marekani ni majina mawili tangu miaka ya 1850, na watu wa ndani ndio waliobadilishana nyumba.

Republican kilianzishwa mwaka 1854 na watu waliotaka utumwa usienee katika maeneo mapya ya magharibi. Miaka sita baadaye Abraham Lincoln akashinda urais. Democratic, ambacho ni kikongwe zaidi, kilikuwa na ngome yake Kusini, kwenye mashamba ya pamba na wenye watumwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mweusi aliyeruhusiwa kupiga kura alimpigia Republican, na sheria za ubaguzi za majimbo ya Kusini zilitungwa na kulindwa na Wademokrati. Ukimweleza kijana wa leo habari hizi anadhani umechanganya majina.

Mambo yaligeuka kwa hatua mbili. Ya kwanza ni mdororo mkubwa wa uchumi: Franklin Roosevelt, Mdemokrati, alipoingia madarakani mwaka 1933 akaitumia serikali kuu kutoa ajira na baadaye pensheni, na Weusi wa miji ya Kaskazini wakaanza kuhamia kwake pamoja na vyama vya wafanyakazi. Ya pili ni mwaka 1964. Lyndon Johnson, Mdemokrati wa Texas, alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi hotelini, migahawani na kazini. Katika Bunge, Warepublikani waliiunga mkono kwa asilimia kubwa kuliko Wademokrati, kwa sababu wapinzani wakubwa walikuwa Wademokrati wa Kusini. Lakini mgombea urais wa Republican mwaka huohuo, Barry Goldwater, aliipinga. Akashindwa vibaya nchi nzima, ila akabeba jimbo lake la Arizona na majimbo matano ya Kusini, yakiwemo Mississippi na Alabama. Ndipo Wazungu wa Kusini walipoanza kufungasha virago. Kuhama kwenyewe kulichukua miongo kadhaa, na kulipoisha Kusini ilikuwa ngome ya Republican.

Rangi nazo zisikuchanganye. Kwingi duniani nyekundu ni ya wajamaa. Marekani nyekundu ni Republican na buluu ni Democratic, na mpango huo ulikaa sawa kutokana na ramani za televisheni za uchaguzi wa mwaka 2000.

Sasa wanagombana nini? Ukiondoa kelele, kinachobaki ni swali la nani abebe mzigo wa mtu aliyekwama: serikali kuu, au yeye mwenyewe, jamaa zake, kanisa lake na jimbo lake. Mdemokrati huelekea upande wa kwanza, Mrepublikani upande wa pili. Kodi hufuata hapohapo. Mwaka 2017 Warepublikani walishusha kodi ya faida ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, kwa hoja kwamba fedha zikibaki kwa mwenye biashara zitazaa ajira.

Afya ndiyo inayoonyesha mgawanyiko huu vizuri kuliko yote. Sheria ya bima ya afya ya Barack Obama ilipita mwaka 2010 bila kura hata moja ya Mrepublikani. Ilizikataza kampuni za bima kumkataa mtu kwa kuwa ni mgonjwa tayari, na ikaruhusu kijana abaki kwenye bima ya wazazi mpaka afikishe miaka 26. Kwa miaka saba Warepublikani waliahidi kuifuta. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017, wakiwa na Rais wao na Bunge lao, John McCain, seneta wao wenyewe aliyekuwa ndiyo kwanza amegunduliwa saratani ya ubongo, aliingia ukumbini, akanyoosha mkono mbele ya meza ya makarani, akageuza dole gumba chini. Muswada wa kufuta sehemu za sheria hiyo ukaanguka, 51 kwa 49. Hakuna aliyemvua uanachama, maana hakuna wa kumvua.

Bunduki, uhamiaji, mazingira na utoaji mimba vinafuata mistari inayojulikana: Republican hulinda haki ya kumiliki silaha, hutaka mpaka ubanwe na hupinga utoaji mimba, Democratic huelekea kinyume. Ila usimkate mpiga kura kwa kipimo cha chama chake. Novemba 2020 watu wa Florida walimpa Trump jimbo lao, na kwenye karatasi hiyohiyo wakapitisha, kwa zaidi ya asilimia 60, kima cha chini cha mshahara kiongezwe hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa, sera ambayo Wademokrati wameipigia debe kwa miaka. Na gavana Mdemokrati wa Louisiana, John Bel Edwards, alisaini mwaka 2019 sheria kali ya kuzuia utoaji mimba.

Kwetu Afrika Mashariki usidhani Democratic ndiyo huwa rafiki kila mara kwa sababu baba yake Obama alitoka Kogelo. Mpango wa PEPFAR, ulioleta dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI Kenya, Uganda na Tanzania, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, Mrepublikani. Pale tofauti ya vyama inapofika moja kwa moja mlangoni mwa kliniki ya uzazi wa mpango ni kwenye sharti lililotangazwa na serikali ya Ronald Reagan, Mrepublikani, mwaka 1984, kwenye mkutano wa idadi ya watu huko Mexico City: shirika la nje linalotoa huduma ya utoaji mimba, au hata kuitetea, lisipewe fedha za Marekani za uzazi wa mpango. Bill Clinton, Mdemokrati, akalifuta Januari 1993. Bush akalirudisha Januari 2001, Obama akalifuta Januari 2009, Trump akalirudisha Januari 2017 na kulipanua mpaka kwenye fedha nyingine za afya, Joe Biden, Mdemokrati, akalifuta Januari 2021, Trump akalirudisha Januari 2025. Mara zote hizo haikupita hata wiki mbili tangu kuapishwa, na haikuhitaji kura ya Bunge, sahihi tu ya Rais.