Utafiti hualika, hauhamasishi

Msimu mmoja wa masika niliongozana na mdadisi wetu katika kijiji cha pwani, mwendo wa bodaboda kutoka barabara ya lami. Kazi ilikuwa kuwaalika akina mama wenye watoto wadogo washiriki utafiti wa malaria. Nyumba ya tatu tukamkuta mama anapeta mchele barazani. Kijana akapiga hodi, tukakaribishwa, tukatandikiwa mkeka. Akafungua begi, akatoa makaratasi, akasema kwa bashasha: "Hongera mama, umechaguliwa."

Mama akaweka ungo chini. "Ni wale wa TASAF?"

Kijana hakusema uongo. Jina la kaya ile lilichaguliwa kweli, kompyuta ililichomoa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya kijiji. Lakini kijijini "kuchaguliwa" kuna maana yake. Waliochaguliwa ni wale walioingia kwenye orodha ya kaya maskini ya TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya hizo, wanaopewa chandarua, wanaoitwa ofisi ya kijiji kuchukua kitu. Nani akatae kuchaguliwa? Akikataa hapa, jina lake litakatwa na kule? Mdadisi alitumia dakika ishirini kusoma fomu yote vizuri, aya kwa aya, hadi sehemu inayosema ushiriki ni hiari. Mama akatia sahihi. Mimi nikabaki na uhakika kwamba alishakubali tangu neno lile la kwanza, na kwamba alikubali kitu kingine kabisa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti. Miaka yote tunachosoma zaidi ni fomu ya ridhaa: ina lugha nyepesi? Imetaja madhara? Ina namba ya simu ya kamati? Hayo ni ya lazima. Ila naona tunaisoma sana fomu na mlangoni hatufiki. Nani alikwenda kumwita mshiriki, alifuatana na nani, alifungua kinywa na neno gani, hayo huwa tunayapata katika sentensi mbili za itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, na mara nyingi mojawapo inasema "jamii itahamasishwa".

Neno hilo ndilo lenye ubishi wangu. Chanjo ya surua inahamasishwa, na ni sawa, kwa sababu inajulikana inafanya kazi. Kunawa mikono kunahamasishwa. Utafiti ni swali ambalo hata sisi tunaouliza hatujui jibu lake. Tungelijua tusingepoteza fedha na damu za watu. Huwezi kumhamasisha mtu aingie mahali ambapo wewe mwenyewe hujui atatokaje. Unamwalika. Na aliyealikwa ana haki ya kutokuja bila kufuatwa. (Najua, kamati za harusi za siku hizi zitakufuata mpaka mchango uishe. Nazungumzia mialiko ya zamani.)

Mfano ambao kila mwanafunzi wa maadili ya utafiti hufundishwa ni wa Tuskegee, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama nchini Marekani. Kuanzia 1932 mamlaka ya afya ya umma ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipothibitika kutibu kaswende, miaka ya 1940, hawakupewa, na kazi ile iliendelea hadi magazeti yalipoifichua mwaka 1972. Watu wengi huishia kwenye penisilini. Mimi hurudi nyuma zaidi, kwenye namna walivyoitwa. Walipewa chakula cha moto siku ya kupimwa, walisafirishwa bure, familia ziliahidiwa fedha za mazishi. Na walipohitajika kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kwa uchunguzi, walipelekewa barua inayowaalika kwenye matibabu maalumu ya bure, ikawaonya kwamba ni nafasi ya mwisho. Matibabu hayakuwepo. Barua ile ndiyo iliyowapakia watu kwenye gari, na haikuwa na mtutu wa bunduki.

Huku kwetu habari ya damu ina historia yake. Bibi zetu wa pwani walituonya juu ya mumiani, mtu anayekamata watu na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Enzi za mkoloni, Nairobi na Dar es Salaam, waliosingiziwa walikuwa wazimamoto. Mtafiti anayefika na gari lenye vioo vya giza, jokofu dogo na mirija ya vifuniko vyekundu, halafu akachukua damu bila kueleza inakwenda wapi, asishangae jina atakalopewa. Hofu ile si ujinga. Watu wanauliza swali la haki: damu yangu inamnufaisha nani?

Jibu linaanza na kipimo. Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Nimewaona wadadisi wakisema "tone tu, mama", kisha wakajaza mrija, na mama akiuangalia mrija ule alijua papo hapo kwamba mgeni si mkweli. Sasa tunawaagiza wabebe mrija mtupu na kijiko, wavitoe kabla ya fomu, wamimine maji kutoka kimoja kwenda kingine mbele ya wenye nyumba. Inachukua nusu dakika. Watoto hupenda.

Maneno nayo yanapotosha. "Uchunguzi" ni utafiti, na "uchunguzi" pia ndicho anachokifanya daktari akitafuta unaumwa nini. "Vipimo" vipo kote kuwili. Ukimwambia mzazi "tutamfanyia mtoto uchunguzi na vipimo", umemwambia mtoto anatibiwa. Kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi kimejengwa ndani ya eneo la hospitali, na watafiti wake wenyewe wamewahi kuandika kwamba wazazi wengi waliuchukulia utafiti kuwa sehemu ya matibabu. Walichofanya nakipenda: wakaanzisha utaratibu wa wawakilishi wa jamii, wananchi wanaochaguliwa na wananchi wenzao, wanaoelezwa utafiti mapema na kurudisha maswali ya vijijini. Mwakilishi wa namna hiyo halipwi kwa idadi ya watu aliowaleta, na kazi yake si kuwaleta.

Mzazi asipotenganishiwa matibabu na utafiti, linalofuata kumtatiza ni makundi. Chukua chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Jaribio lake kubwa lilihusisha watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, wakiwemo wa Kilifi na Bagamoyo. Katika kila watoto watatu, wawili walipata R21 na mmoja alipata chanjo ya kichaa cha mbwa, ili watafiti wapate cha kulinganisha. Hakuna aliyechagua kundi; bahati nasibu ndiyo iliyoamua. Mzazi anapaswa kulisikia hili kabla hajakubali, tena kwa maneno yanayouma: mtoto wako anaweza akaangukia upande usio na chanjo ya malaria, na wewe hutaambiwa ni upande gani mpaka mwisho. Mdadisi anayelipitisha jambo hilo harakaharaka kwa sababu linawakimbiza watu, anaiba.

Sasa nije kwenye kukataa, maana hapo ndipo sisi Waswahili tunapowatesa watafiti wa kutoka nje. Fomu zao zina visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nyumbani kwetu mgeni haambiwi hapana usoni. Hewala haigombi. Anaambiwa "inshallah". Anaambiwa "nitamwuliza baba yao". Anaambiwa "njoo kesho", na kesho anakuta mlango umerudishiwa na kuku peke yao uani. Mdadisi mwenye lengo la watu kumi kwa siku huyasikia haya yote kama ndiyo iliyochelewa, akarudi mara ya nne, mara ya tano, mpaka mwenye nyumba achoke atie sahihi. Kanuni tuliyokubaliana ni hii: "njoo kesho" ya kwanza ni ya kweli, ya pili ni jibu. Usirudi tena.

Hali huwa ngumu zaidi mdadisi akifuatana na mwenyekiti wa kijiji. Kwenda kwa mwenyekiti na mtendaji ni adabu na ni utaratibu, huwezi kuingia kijiji cha watu kimyakimya. Lakini mwenyekiti akishakujua, amalizie kazi yake ofisini. Akisimama yeye mlangoni, yule anayeandika barua za utambulisho na kusuluhisha migogoro ya mipaka ya mashamba, hakuna tena hiari ya kuongelea. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayewaalika wanafunzi anaowasahihishia mitihani, na kwa daktari anayemwalika mgonjwa wake akiwa bado ameshika cheti chake. Mwaliko upelekwe na mtu asiyeweza kukunyima kitu.

Kuhusu watoto nitasema kidogo: sahihi ya mzazi haimalizi. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa aulizwe naye, na akigoma kuchomwa, kugoma kwake kunahesabika.

Fedha. Hapa kila mtu ana maoni. Wapo wanaosema mshiriki asipewe chochote ili asinunuliwe, na wengi wao ni watu wenye mshahara. Mama aliyeacha genge lake la nyanya tangu asubuhi, akapanda bajaji mbili hadi kituoni, akarudi saa tisa bila kuuza, amekuchangia fedha yake. Mrudishie nauli, fidia muda wake, mpe chai. Tatizo huanza pale kiasi kinapokuwa kikubwa hata mtu akaficha ukweli ili asikose: anasema hana mimba wakati anayo, anasema hatumii dawa nyingine wakati anatumia. Hapo anajiumiza, na anauharibu utafiti. Kilifi na Bagamoyo kumefanyika tafiti ambamo watu wazima wenye afya waliambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi mkali, kisha wakatibiwa. Katika tafiti kama hizo swali la kulipa kiasi gani huchukua vikao, na ndivyo inavyotakiwa.

Anayedhani haya ni mambo ya moyo mwema tu, aangalie jaribio lililoitwa VOICE. Lilihusu wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, kutafuta dawa ya vidonge au jeli ya kuzuia maambukizi ya VVU. Washiriki waliripoti kwamba wanatumia. Damu zao zilipopimwa, dawa ilionekana katika chini ya theluthi ya sampuli. Wengine walikuwa wameingia kwa ajili ya huduma za afya na marejesho ya fedha, dawa zenyewe wakaziogopa, na hawakuona njia ya kusema. Matokeo ya kazi ya miaka yakawa hayawezi kueleza kama vidonge vile vingefanya kazi vikimezwa. Ndiyo ya mdomoni ina gharama.

Kwa msomaji ambaye kesho atapigiwa hodi, au atatumiwa tangazo kwenye WhatsApp: omba kuona kibali. Tanzania Bara, utafiti wa afya hupitiwa kwa maadili na kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya taasisi husika kulingana na aina ya utafiti. Zanzibar wana kamati yao. Jaribio la dawa au chanjo hupita pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya utasikia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi. Tangazo lenyewe, hata la mistari mitatu ya simu, linapaswa kuwa limepitishwa. Muulize aliyekupigia namba yako ameitoa wapi. Kama ni kwenye daftari la kliniki, nani alimruhusu kulifungua? Na utafiti wa kweli haukutozi "ada ya usajili". Ukiambiwa tuma elfu kumi upate nafasi, huyo ni tapeli.

Nirudi kijijini. Jioni ya siku ile tulikaa chini ya mwembe nikapitia daftari la mdadisi wetu. Kaya kumi na mbili: tisa zimekubali, tatu zimeandikwa "hayupo". Moja ya hizo tatu niliikumbuka. Alikuwepo. Alitupa maji ya kunywa, akasikiliza yote, akasema hapendi mwanawe achomwechomwe, akatusindikiza hadi njiani. Nikamwuliza kijana kwa nini ameandika hayupo. Akasita. Katika mradi wake wa nyuma, akasema, wadadisi waliorudi na orodha ya watu wengi waliokataa hawakuitwa tena kazini.

Tulikuwa tumempa mafunzo ya siku tano kuhusu haki ya mshiriki kukataa, na hakuna hata nusu saa tuliyoitumia kumwambia kwamba naye ana haki ya kukataliwa.

Nikamwomba afute, aandike "amekataa". Kalamu ikabaki hewani. "Dokta, mkuu wa mradi akiniuliza?"

"Mwambie aniulize mimi."

Akaandika. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, wa juzi, akaanza kurekebisha na mwingine.