Kuvuka Sabaki kwa miguu: yanayosemwa na yalivyo

"Kivuko ni pale pale pa mababu."
Za mababu ni njia za kuteremkia mtoni. Pa kuvukia penyewe huhama, kwa sababu Sabaki, mto unaoingia baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya, hubeba mchanga na udongo mwekundu wa bara, na mafuriko yakipita, fungu la mchanga lililokuwa upande huu huonekana ule. Ndiyo maana utakuta njia mbili tatu, nyingine zimeshaota vichaka. Mchanga mpya haujashikana, mguu huzama hadi muundini. Fimbo hutangulia.

"Vukia paliposonga, ni karibu."
Hili ndilo linalozamisha watu. Maji yakibanwa huenda mbio na kuchimba kilindi. Tafuta penye upana, maji yanapotapakaa na kufanya viwimbi juu ya mchanga. Kwenye kona, ukingo wa nje uliokatika wima ndio wenye kina. Wa ndani una mchanga na maji mepesi. Ingia upande wa juu, utokee chini, mshazari, bila kushindana na mkondo. Mzigo ukae kichwani, usifungwe mwilini, ili ukiteleza uuache uende. Maji ya kasi yakifika gotini, rudi. Na maji ya udongo huficha mamba, hata yakiwa ya kina kifupi.

"Malindi hakujanyesha, mto hauna neno."
Mto huu huu kule juu ni Athi. Ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, huku kwetu ndio Sabaki. Mvua ya Machakos huteremka hadi hapa jua likiwaka. Kabla ya kuvuka, chomeka kijiti penye ukingo wa maji. Yakikipanda, au yakianza kuleta povu na vijiti, ngoja.

"Sabaki ulikuwa mpaka wa Wagiriama."
Mpaka huo waliuchora wakoloni. Wagiriama, Wamijikenda wa pwani hii, walikwishavuka na kulima ng'ambo ya kaskazini tangu karne ya 19, nafaka yao ikiuzwa kwenye miji ya pwani. Mwaka 1914 serikali ya Kiingereza ikawaamuru warudi kusini. Wakakataa, vita vikazuka, nyumba zikachomwa. Miaka michache baadaye wakaruhusiwa kurudi kaskazini.

"Daraja limemaliza kivuko."
Daraja la barabara ya Malindi kwenda Garsen liko karibu na mlango wa mto. Mwenye shamba mbali huko juu hazunguki hadi huko kwa debe moja la mahindi.