Dawa ya maembe iliyotoka kwa uyoga wa msonobari

Miembe ikianza kutoa maua, wakulima wa Malindi hutuletea ofisini vishada vilivyojaa unga mweupe, kama vimemwagiwa poda. Ukivigusa, unga unabaki kidoleni na vijiua vinadondoka. Huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Soma herufi ndogo kwenye makopo ya dawa zake: mengi yana kiambato ambacho jina lake linaishia na "strobin". Jina hilo ni la uyoga.

Uyoga wenyewe ni Strobilurus tenacellus. Kofia yake ni kama kifungo cha koti, na humea Ulaya baridi inapoisha, kwenye koni za msonobari zilizoanguka na kufukiwa na udongo. (Msiutafute chini ya mivinje ya ufuoni. Mvinje una vijikoni, lakini si jamaa wa msonobari. Ni mti wa maua.) Koni moja ndiyo ghala lake lote la chakula, kwa hiyo hutoa sumu ya kuwafukuza kuvu wengine wasije kula naye. Timm Anke na wenzake waliitenga sumu hiyo Ujerumani mwaka 1977. Ya asili haihimili jua, basi wanakemia wakaifanyia marekebisho, na mwaka 1996 dawa za kwanza zikaingia sokoni.

Dawa hizi humkaba kuvu pumzi ndani ya seli, tena mahali pamoja tu. Uyoga haujiui kwa sumu yake kwa sababu kwake mahali hapo pana umbo tofauti kidogo. Shida ni kwamba kuvu wa shambani naye anaweza kubadilika hivyo hivyo. Ubwiri unga wa ngano ulikwishazishinda kule Ujerumani kufikia 1998, miaka miwili tu!

Ndiyo maana mkulima akiniambia "nimebadilisha dawa", namwomba anionyeshe makopo yote mawili. Mara nyingi majina ya biashara ni mbalimbali na "strobin" ni ile ile. Dawa za kuvu hupangwa kwa makundi yenye namba, kulingana na jinsi zinavyoua, na kundi la "strobin" ni namba 11. Pulizia mara moja, kisha hamia kundi jingine, kwa mfano salfa, ambayo humpiga kuvu sehemu nyingi kwa pamoja. Salfa ipulizwe asubuhi mapema, maana kwenye jua kali huunguza maua.

Na bomba lisisuuzwe Mto Sabaki. "Strobin" huua samaki pia.