Si mota, jamani: uongo tunaoambiana kuhusu finisha ya printa

Wiki hii pekee nshapigiwa simu mara nne naambiwa "fundi, mota ya finisha imeungua, kuja na mpya". Finisha, kwa asiyejua, ni ile sehemu inayobanwa ubavuni mwa printa, inayopanga karatasi, kuzipiga stepo na kuzitoboa. Mara nne. Na zote nne mota ilikuwa nzima, inazunguka kama pia, sasa leo naandika mara moja ili mwengine akinipigia nimtumie hii asome mwenyewe huku mimi niko kwenye feri navuka Likoni.

Nianze na hiyo hiyo ya mota kwa sababu ndo inayonitoa roho, hizi zengine ntazipitia mbio mbio.

Inakuwaje: mashini inagoma, kioo kinaandika namba, mtu anaipiga picha, anaitafuta kwenye simu, anakuta imeandikwa hitilafu ya mota fulani ya finisha, basi kesi imekwisha, mota imekufa, tuagize. La. Namba haisemi mota imekufa. Mashini haina jicho la kuiangalia mota, ilicho nacho ni sensa, yaani kihisio, na saa tu. Inaiamrisha mota izunguke, inahesabu, alafu inangoja sensa iseme "nimeona". Muda ukipita na sensa haijasema kitu, inaandika jina la mota kwa sababu mota ndo iliyotumwa. Ni kama umtume mtoto Marikiti akalete nazi, magharibi ikaingia hajarudi, wewe ukatangaza msiba. Huenda kakuta foleni, huenda nazi hakuna, huenda kesharudi kitambo yuko nje anagonga na mlango mumeufunga kwa ndani.

Kwa hivyo iwe ni Canon na zile namba zake za E5, iwe Ricoh na SC za mia saba, iwe Kyocera na C elfu nane na kitu, hiyo namba inakuambia uanzie wapi kuangalia. Haikuambii ununue nini.

Ya mwisho ilikuwa Alhamisi, ofisi moja ya kliaringi upande wa bandarini, mwisho wa mwezi, makaratasi ya mizigo yamelundikana mpaka juu ya friji na kila seti yataka stepo, nakala nne nne. Walikuwa washanunua mota, elfu kumi na kitu, imetoka Nairobi na basi la usiku, fundi mwengine akaifunga, wakawasha, namba ile ile. Sasa mimi nikaitwa nilete bodi, ule ubongo wa finisha. Bodi! Nkawaambia ngojeni kwanza. Nkachomoa waya wa stima ukutani, nkafungua kifuniko, nkashika zile pala mbili zinazogonga karatasi pembeni zilingane kabla ya kupigwa stepo, nkazisukuma kwa kidole, zinateleza vizuri na ule uzito kidogo wa mota, zinakwenda mpaka mwisho na kurudi. Hapo nshajua hakuna kilichokwama, gia hazijakatika na mkanda uko mahali pake. Nkamulika kwa tochi ya simu kwenye sensa ya nyumbani, yaani ya pale pala zinapoanzia, ile nyeusi yenye umbo la herufi U, upande mmoja taa upande wa pili jicho, kiulimi cha plastiki kikipita kati kinakata mwanga na mashini inajua pala zimefika. Na mle ndani, kimejibana wima, kipande cha karatasi ya waridi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nakala ya waridi ya delivari. Kilikatika siku moja karatasi ilipokwama na mtu akaivuta kwa hasira. Tangu hapo mashini inaona pala ziko nyumbani daima, inazituma zitoke, zinatoka kweli, lakini sensa inaendelea kusema ziko nyumbani, basi mota ndo ikatiwa hatiani. Nkaazima kibanio cha nyusi kwa dada wa mapokezi, nkakichomoa. Mota ya zamani, nzima kabisa, nkaiokota kwenye pipa lao la taka.

Sasa skizeni mpangilio wangu, na huu siubadilishi kwa mtu. Kwanza macho na kidole, mashini imezimwa na waya uko nje: sukuma sehemu inayolalamikiwa kwa mkono, ikigoma kuna kitu kimeingia, ikiteleza bila uzito wowote huenda mkanda umeruka au gia imevunjika meno. Pili sensa: vumbi la karatasi lipulizwe kwa kile kipulizio cha mpira au brashi laini kavu, usiingize kitambaa kibichi, alafu hakikisha kiulimi hakijavunjika, maana vile viulimi ni vyembamba na vinakatika watu wanapovuta karatasi ovyo. Tatu soketi za waya, na hapa Mombasa hii naisisitiza kwa sababu hewa ya chumvi inakula vile vipini mpaka vinaota ukijani, hasa ofisi zinazolala madirisha wazi upande wa bahari, chomoa urudishe mara mbili tatu usikie imekaa. Nne ingia kwenye menyu ya ufundi, sehemu ya kukagua sensa, cheza na kiulimi kwa kidole utazame kama sifuri inageuka moja. Ikigeuka, sensa na waya wake wazima. Ni baada ya hayo yote ndo unaigusa mota, na hata hapo pima kwanza: mota nyingi za kupanga karatasi ni za stepa, zinazokwenda hatua kwa hatua, zina koili mbili, usomaji wa ohm ukiwa karibu sawa pande zote mbili na hakuna iliyokatika, mota hiyo haijaungua bwana, iache. Angalia pia kama volti 24 zinafika, kwa sababu sensa zinakula volti 5 na mota zinakula 24, fyuzi ya 24 ikikatika sensa zote zitaonekana zinafanya kazi vizuri na mota zote zitakuwa maiti, lakini mashini inasimama kwenye mota ya kwanza inayoshindwa na kuitaja hiyo peke yake. Ukiibadilisha hiyo utakuwa umepoteza pesa kwa ushahidi wa uongo.

Mota inakufa, sikatai. Nshabadilisha. Lakini iko mwisho wa orodha pamoja na bodi, si mwanzo.

Na mumo humo niseme hili, karatasi ikikatika usitupe vipande. Viunganishe juu ya meza, pembe kwa pembe, kama karatasi haijatimia basi kilichobaki kiko ndani ya mashini kinakusubiri. Nawaambia wateja wangu wote, hawaskii.

Haya, ya pili kwa kunichosha: "finisha imezeeka, inakwamisha kila saa, na trei inasema imejaa ilhali ina karatasi kumi". Hapo mara nyingi finisha haina kosa hata moja, kosa ni rimu ya karatasi. Huu mji una unyevu, nyote mwajua, chumvi mezani inashikana, kaki zinalegea, sasa mwafikiri rimu iliyofunguliwa Ijumaa ikaachwa juu ya kabati, eisi ikazimwa wikendi nzima, Jumatatu itakuwa vipi? Imekunywa maji. Inaingia kwenye rola ya moto inakaushwa kwa ghafla, upande mmoja zaidi ya mwengine, inatoka imejikunja kama jani la mgomba juani. Ikifika kwenye finisha pembe zimesimama, inayofuata inaigonga, inajikunja, inakwama. Alafu ile sensa inayopima urefu wa rundo inaguswa na pembe iliyoinuka, inadhani trei imejaa. Masika ndo balaa, mwezi wa nne na wa tano simu zangu nyingi ni hizi.

Dawa yake haina spea. Fungua rimu mpya, ipepete, tia kwenye trei. Ikitoka bado imejikunja, geuza rundo, la juu liende chini, tazama tena. Hakikisha aina ya karatasi uliyochagua kwenye kioo ndo iliyomo, kwa sababu ukisema ni nzito ilhali ni gramu 80 mashini itaipika zaidi. Na rimu ikibaki nusu irudishe ndani ya karatasi yake ya kufungia, ile ina utando wa kuzuia unyevu, haikuwekwa kwa urembo, ikunje uibandike selotepu. Mimi kwangu nazitia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ile ya kuwekea unga. Watu wananicheka. Wacheke.

"Inakwama Jumatatu tu, ina jini." Wallahi nshaambiwa hivi, na mtu mzima, mhasibu. Ofisi iko Nkrumah Road, Jumatatu asubuhi inakwama pale karatasi inapotoka kwenye printa kuingia finisha, kufika adhuhuri ishatengenezwa na mtu asiyejua alichotengeneza. Nkaenda Jumamosi makusudi. Mama wa usafi akafika na ndoo yake, akaivuta finisha kidogo apige deki nyuma yake, akairudisha kwa nyonga, tap, akaendelea. Ilirudi lakini haikubana, upande wa nyuma uliacha mwanya wa kuingia kidole. Karatasi ikitoka inafika na pembe moja imetangulia, inagonga ukingo. Namuelewa mama wa watu, hakuna aliyemwambia. Ile finisha ina magurudumu, ina latchi, lazima uisukume mpaka uskie mlio wa kubana, na ukitazama kwa mbele na kwa nyuma mwanya uwe sawa, na magurudumu yake yawe yamerekebishwa kimo kulingana na sakafu, maana sakafu za majengo ya zamani huku mjini zimeinama kila moja na upande wake. Hapo sikubadilisha kitu. Nkabandika kipande cha tepu nyekundu sakafuni kuonyesha gurudumu likae wapi.

Zengine mbio mbio.

Mafuta ya makopo ya kupuliza, yale mnayopuliza bawaba za milango. Hapana, hapana, hapana. Yanarukia rola, rola inateleza, yanashika vumbi la karatasi yanakuwa uji, na kuna plastiki haziyapendi. Gia za finisha zikihitaji kitu ni grisi nyeupe ya kupaka plastiki, kidogo sana, na pale palipokuwa na grisi tangu kiwandani, basi. Rola inayoteleza haitaki mafuta, inataka kufutwa na spiriti, na ikiwa ishang'aa kama kiatu cha harusi badilisha.

"Stepo ni stepo." Si kweli, za katriji ya finisha zina upana na unene wake, na kuna mtu alijaza zile za stepla ya mezani kwa mkono, moja moja, nkamuuliza bosi una kazi nyengine kweli? Ikikwama toa katriji, inua kile kiwiko cha mbele, zile pini zilizopinda zitaonekana, zitoe, rudisha. Usichokonoe na bisibisi. Baada ya kurudisha mashini inaweza kupiga hewa mara chache mpaka pini zifike mbele, usiseme imeharibika. Na kama inatakikana seti ya karatasi 80 ishonwe kwa pini moja, finisha nyingi za ofisini mwisho wake ni 50 za A4 za gramu 80, za A3 huwa chini ya hapo, ukizidisha haitaishona, na kama mnachanganya A4 na kadi ngumu ya jalada hesabu inashuka tena.

Kitoboi kikiandika kisanduku kimejaa, kuna mjanja ana tabia ya kukichomoa na kukirudisha bila kumwaga, na kuna mashini zinaamini. Zinaanza kuhesabu upya. Vile viduara vinafurika, vinaingia kwenye sensa, kwenye mkanda, vimeenea kama vifungo vya kanzu iliyopasuka, na hapo tena nitaambiwa mota.

"Zima washa." Mara moja sawa. Ikiwaka finisha inarudisha kila sehemu nyumbani kwake, kwa hivyo kama kuna kitu kimeziba inakwenda kukigonga tena, ukifanya mara kumi umeigongesha mara kumi na gia za plastiki zinakatika meno, mlionunua gia mwajijua. Na kama kazi ni ya haraka na meli haingoji, chagueni trei ya ndani ya printa, toeni bila stepo, pigeni na mkono, mashini nyingi zinakubali hivyo mpaka fundi afike.

Lakini ile mara moja ya kuwasha ina faida kubwa kama utaskiza badala ya kuomba dua. Mlio wa krrr krrr ni gia inaruka au mkanda, mlio wa tak kisha kimya ni kitu kimegonga na mashini imekata tamaa, hakuna mlio kabisa ni umeme haufiki, na mlio mzuri wa kawaida alafu namba inakuja palepale ni sensa, na ndo nyingi. Kwa hivyo kabla ya kuniambia mota, rekodi video ya hizo sekunde ishirini, simu iwe karibu na finisha, eisi na redio vizimwe, nitumie kwa WhatsApp pamoja na picha ya ile namba na ya hiyo karatasi iliyokatika ikiwa imeunganishwa juu ya meza.