Kruspe hajahama: mpiga gitaa wa metali na kazi yake ya pembeni

Richard Kruspe hajahama Rammstein, bendi ya metali ya Ujerumani anayoipigia gitaa. Hakuhama mwaka 2007 alipotoa albamu ya kwanza ya Emigrate, bendi yake ya pembeni, hakuhama 2014 wala 2018 zilipofuata nyingine, na Rammstein haikuvunjika. Naandika hivi kwa sababu wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza ni mpiga besi, mtu wa kazi kabisa: "Kaka, yule jamaa si alishaanzisha bendi yake? Basi ile ya zamani ndiyo inaishia hivyo." Nimelijibu hili mazoezini, nimelijibu dukani tukinunua nyuzi, nimelijibu kwenye daladala. Sasa nalijibu hapa, kwa urefu.

Najua linakotoka. Sisi wa Dar es Salaam masikio yetu yamelelewa na muziki wa dansi, na kwenye dansi mwanamuziki alikuwa anahama kwelikweli. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu ilipoanzishwa mwaka 1964, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, 1985 akaenda Safari Sound, na baadaye akarudi kwenye ile ya kwanza, ambayo sasa tunaiita Msondo. Kila hatua ilikuwa habari ya mji mzima, na mashabiki waliipokea kama usajili wa Simba na Yanga. Lakini tazama sababu yake. Bendi zile zilikuwa za jumuiya ya wafanyakazi, za shirika, au za mtu mwenye vyombo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Gitaa la bendi, ampli ya bendi, hata sare ya bendi. Huwezi kupiga huku na kule kwa gitaa lisilo lako, kwa hiyo ukitaka kupiga kitu kingine, unaondoka na mikono yako mitupu. Ndiyo maana tukiona jina la mtu kwenye bendi ya pili tunamuaga kwenye ya kwanza.

Deiwaka tunao, ndiyo, ila huyo anapiga nyimbo za wenzake kwa siku moja na kulipwa. Ninachozungumzia hapa ni kingine: mtu yumo kwenye bendi yake, na kando ana kazi anayoitunga na kuisimamia mwenyewe.

Turudi kwa Kruspe. Rammstein ilianza Berlin mwaka 1994 na watu sita, na sita hao hao ndio waliorekodi albamu zote. Kati ya albamu yao ya 2009 na ile ya 2019 kuna miaka kumi. Miaka kumi bila albamu mpya ya studio! Mtu anayeamka kila asubuhi akiwa na rifu kichwani, vile vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia na kubeba wimbo, unataka azipeleke wapi? Emigrate ilitoa albamu mbili ndani ya kipindi hicho. Na kuna jambo la pili, zito kuliko muda. Rammstein ni watu sita wenye kauli sawa, na Kruspe mwenyewe ameeleza kwamba wakati wa kutengeneza Mutter, iliyotoka mwaka 2001, alikuwa anataka kushika kila kitu mpaka bendi ikaanza kupasuka. Emigrate ikawa mahali pa kushika kila kitu: yeye anatunga, yeye anaimba, tena kwa Kiingereza, yeye anaamua. Akishamaliza hamu hiyo anarudi kwenye meza ya watu sita akiwa mtu anayeweza kushindwa kwenye kura. Wanaosema Emigrate inaiua Rammstein wamegeuza mambo juu chini.

Na sasa nikae kidogo kwenye lile linaloniudhi kuliko yote: imani kwamba kazi ya pembeni ni mabaki, yaani nyimbo ambazo bendi ilizikataa kwa kuwa ni dhaifu. Anayesema hivyo hajawahi kupeleka kodi ya maina, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja na kutoa sauti ya huzuni, kwenye chumba chenye magitaa mawili yaliyofunguliwa distosheni, ule mkwaruzo wa ampli iliyozidiwa, hadi mwisho.

Distosheni inafanya zaidi ya kuongeza ukali. Ukipitisha noti mbili kwa pamoja kwenye ampli iliyozidiwa, inazaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, zinazotokana na jumla na tofauti ya mitetemo ya zile mbili. Piga A ya hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, pamoja na E iliyo juu yake, yenye karibu hezi 165. Tofauti ni 55, nayo ni A ileile, oktavu moja chini. Hiyo ndiyo siri ya pawa kodi, yaani noti za namna hiyo mbili tu zikipigwa pamoja: inasikika nene kuliko gitaa lenyewe kwa sababu ampli inakuongezea besi, tena kwenye noti iliyo sahihi. Sasa chukua A ya 220 na C yenye karibu 262. Tofauti ni kama 42, mngurumo ambao si A wala C, na unakaa palepale ambapo besi na ngoma ya mguu zinafanya kazi. Gitaa la pili nalo likipiga hivyohivyo, tyuni yake ikiwa imepishana na yako kwa unywele tu, wimbo umeshapotea. Ukilegeza distosheni kodi inarudi kuwa nzuri, lakini hiyo tena siyo bendi yako, na mpiga ngoma ataacha fimbo na kukutazama.

Sikiliza upande wa pili gitaa la solo na la ridhim kwenye dansi letu. Noti zilizoachana kwa hatua tatu au sita za ngazi ya muziki zinatembea sambamba, sauti safi, kila gitaa linaacha nafasi ya mwenzake kupita. Mpiga gitaa wa metali aliyekulia Ilala au Temeke anazo hizo vidoleni kabla hajajua Black Sabbath ni nini. Akitunga kitu cha namna hiyo usiku, kesho yake hawezi kukipeleka kwa bendi, hata kama ndicho kitu bora alichotunga mwaka mzima. Ubora wake hauna shaka, ila hakina pa kukaa. Mimi nyimbo zangu za pembeni zote zilianza hivyo, na kama zingekuwa mabaki ningezitupa.

Nyuzi nazo zina la kusema. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, alishusha tyuni kwa toni moja na nusu kwenye albamu ya 1971 ili nyuzi zilegee na vidole vipumue, na metali nzima ikamfuata chini. Bendi yangu tunakaa C, chini zaidi ya tyuni ya kawaida. Nyuzi ni nene, shingo imerekebishwa kwa mvuto huo. Gitaa la namna hiyo huwezi kulipandisha hadi tyuni ya kawaida jioni hiyohiyo ukaenda kupiga kitu kingine: mvuto unaongezeka, shingo inapinda, noti ya freti ya 12, inayotakiwa kuwa oktavu kamili ya uzi mtupu, haisemi kweli tena. Kwa hiyo kazi ya pembeni huanza na gitaa la pili, lenye nyuzi nyembamba, na mkono ukishika nyuzi nyembamba unatunga vitu vingine. Hili halihusu kugombana na mtu yeyote.

Alex Skolnick, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya Testament, alikwenda mbali zaidi, akasomea jazi New York. Yeye kweli alikuwa ameondoka kwenye bendi, mwaka 1992. Kikosi chake cha watu watatu kilitoa albamu mwaka 2002, nyimbo za roki nzito zikipigwa kijazi. Mwaka 2005 akarudi Testament, na jazi hakuiacha. Ukisikiliza solo zake za baada ya hapo utasikia noti ambazo kijana wa miaka ya 80 asingezichagua. John Petrucci, mpiga gitaa wa Dream Theater, naye: mradi wake wa pembeni na mpiga ngoma wa bendi hiyo, Liquid Tension Experiment, ulitoa albamu mwaka 1998, na mpiga kinanda waliyempata humo, Jordan Rudess, ndiye aliyeingia Dream Theater mwaka uliofuata. Kazi ya pembeni imeipa bendi mtu. Nisiambiwe tena kwamba inanyonya.

Kuna wanaosema basi bendi imkataze, mambo yaishe. Metallica walijaribu. Jason Newsted, mpiga besi wao tangu 1986, alikuwa na Echobrain pembeni, James Hetfield, mwimbaji wao, hakutaka, na Januari 2001 Newsted akaondoka. Mwaka 2022 Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi hiyohiyo, alitoa kazi yake mwenyewe, vipande vinne visivyo na uimbaji, na bado yumo. Aliyekatazwa ameondoka, aliyeachiwa amebaki.

Hata hivyo sitaki kuificha shaka yangu. Adrian Smith, mpiga gitaa wa Iron Maiden, alitoa albamu na kikosi chake cha ASAP mwaka 1989, na 1990 akatoka Maiden. Bruce Dickinson, mwimbaji wa bendi hiyo, akatoa ya kwake 1990, akaondoka 1993. Mtu akiniwekea hayo mawili mezani siwezi kumwambia hajui kitu. Ninachomjibu ni kwamba wote wawili walirudi mwaka 1999, na tangu hapo wameendelea na kazi za pembeni bila kuondoka: Smith na mpiga gitaa Richie Kotzen mwaka 2021, Dickinson na albamu yake ya 2024. Watu walewale, tabia ileile, matokeo tofauti. Kwa hiyo naona kilichobadilika ni hali ya ndani ya bendi. Ila naona nikiwa nje, na wakati mwingine hata aliye ndani hajui kama anafungua dirisha apate hewa au anatafuta mlango.

Shaka ya pili inanigusa mimi mwenyewe. Mara moja moja inakuja rifu inayoweza kukaa kotekote. Nani aipate? Waandishi wa vitabu vya muziki wanapenda kusema mtunzi anajua tu. Mimi sijui tu. Huwa naipeleka kwa bendi kwanza, kwa sababu wale wamenibeba muda mrefu, lakini kuna moja waliichukua na kuipiga kwa kasi, na kila tukiipiga nasikia ilivyokuwa inataka kwenda polepole.

Na kuna kisa ambacho kingewachanganya hata wazee wa Msondo. Mwaka 1986 ilitoka albamu ambayo Iommi aliikusudia iwe yake peke yake, Glenn Hughes akiimba. Kampuni ya rekodi ilitaka jina linalouza, ikatoka kwa jina la Black Sabbath na la Iommi kwa pamoja. Hapo kazi ya pembeni ndiyo iliyogeuzwa bendi, na yeye alikuwa mwanzilishi pekee aliyebaki.

Kwa wenye bendi hapa mjini: kaeni na mpiga gitaa wenu mpange tarehe kwanza, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye Jumamosi moja yenye maonyesho mawili. Semeni wazi kama ampli ya bendi inaruhusiwa kutoka. Na nyinyi waandaaji, acheni kuandika "zamani wa" mbele ya jina la bendi kwenye tangazo la mtu ambaye Alhamisi atakuwa mazoezini na bendi hiyohiyo.