Shabaha ya elektrodi katika ugonjwa wa Parkinson: maana yake na namna inavyochaguliwa

Kwa madaktari wanaotibu kwa umeme Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, shabaha ni sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo ambako ncha ya elektrodi hupelekwa na kuachwa ikae huko kwa miaka. Elektrodi yenyewe ni waya mwembamba, unene wake unazidi milimita moja kidogo tu, na karibu na ncha una vipande vya chuma vinavyotoa umeme. Waya hupitishwa chini ya ngozi ya kichwa na shingo hadi kwenye kifaa chenye betri kilichofukiwa kifuani, chini ya mtulinga. Kifaa hicho hutoa mapigo madogo, mara nyingi yapata 130 kwa sekunde. Mapigo hayaponyi ugonjwa wala hayauzuii kuendelea. Kazi yake ni kukatiza ishara mbovu zinazozunguka kati ya sehemu za ubongo zinazosimamia mwendo, na ndiyo maana mahali umeme unapopelekwa pana uzito kuliko kifaa chenyewe.

Shabaha ya kwanza kupata sifa ilikuwa thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo inayopitisha ishara. Mwaka 1987, huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid na wenzake walionyesha kwamba umeme wa mapigo ya haraka kwenye thalamasi hutuliza mtetemeko bila kuunguza ubongo, kama ilivyokuwa ikifanyika zamani. Shida ni kwamba shabaha hii hutuliza mtetemeko na kuishia hapo.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea njia, maana mtetemeko ndio unaoonekana. Mchukulie fundi wa nyavu pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Akikaa kimya mkono unatetemeka mapajani, na kila apitaye anauona. Akishika sindano ya nyavu, mtetemeko unapungua, kwa sababu mtetemeko wa Parkinson kwa kawaida huzidi mkono ukiwa umepumzika. Kinachomnyima kazi ni kingine: vidole vizito, bega lililokakamaa, fundo alilokuwa akilifunga upesi sasa linamgharimu muda. Ukimtibu kwa kulenga thalamasi, mkono utatulia mbele za watu na nyavu zitabaki hazijashonwa.

Kwa hiyo shabaha zinazotumika zaidi leo ni mbili nyingine. Moja ni kiini kilicho chini ya thalamasi, ambacho madaktari hukiita STN, chenye urefu wa kama sentimita moja tu. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, akiwamo Mahlon DeLong, walionyesha kwa nyani waliosababishiwa Parkinson kwamba kuharibu kiini hicho huwarudishia mwendo. Miaka michache baadaye timu ya Grenoble ikaanza kukichochea kwa binadamu badala ya kukiharibu. Ya pili ni globasi palidasi ya ndani, yaani GPi, kiini kingine cha ndani ya ubongo ambacho ni kikubwa zaidi. Zote mbili hupunguza mtetemeko, ukakamavu na uzito wa mwendo.

Ipi bora? Swali hilo lina jibu la utafiti. Mwaka 2010 Wamarekani walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 299 waliogawanywa kwa kura kati ya shabaha hizo mbili. Baada ya miezi 24, nafuu ya mwendo ilikuwa karibu sawa. Tofauti zilikuwa pembeni: waliochochewa STN walipunguza dawa zaidi, ilhali hali ya huzuni ilizidi kidogo kwao na ikapungua kidogo kwa wa GPi.

Mimi naona hayo ya pembeni ndiyo yanayopaswa kuamua. Mama anayeanika dagaa, ambaye kila akimeza levodopa, dawa kuu ya Parkinson, viungo vinacheza bila hiari yake, ana njia mbili. GPi huzuia uchezaji huo moja kwa moja. STN huupunguza kwa kuwa dozi inashushwa. Kama dawa zenyewe zinamtapisha au kumshinda kuzinunua, STN ina maana kwake. Kama ni bibi aliyeanza kusahau, au aliyewahi kuzama katika sonona, wengi wangeegemea GPi. Na umbali nao uhesabiwe waziwazi. Kwa STN, umeme unapandishwa huku dawa zikishushwa, hatua kwa hatua, kwa miezi. Mtu anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na meli, kisha asafiri tena hadi kwa timu iliyomfanyia upasuaji, amwambie daktari hivyo kabla shabaha haijachaguliwa.

Kuna kipimo kimoja kinachotangulia yote. Mgonjwa hupimwa asubuhi kabla ya dawa, kisha hupimwa tena baada ya kumeza levodopa. Dalili isiyosikia levodopa, kama kupoteza mizani na kuanguka, kwa kawaida haitasikia umeme pia, uwe STN au GPi. Mtetemeko pekee huweza kutulia hata pale dawa iliposhindwa. Familia zinazouza ng'ombe na shamba zinastahili kuambiwa hili mapema sana.

Shabaha ikishachaguliwa, kuipata ni kazi nyingine. Fremu hufungwa kichwani, picha za MRI huonyesha njia, na mara nyingi mgonjwa huwa macho. Daktari anamwambia, "Mzee, fungua na kufunga kiganja," huku umeme ukipandishwa polepole. Waya ukiwa umelenga STN, uso ukivutwa na maneno yakikwama, umeelekea nje mno. Vidole vikiwashwa kwa michomo isiyokatika, umekwenda nyuma. Jicho likigeuka, umeingia ndani. Kwa GPi, mgonjwa akiona mimweko ya mwanga, ncha imekaribia mshipa wa kuonea ulio chini yake. Hata ndani ya STN penyewe inatakiwa sehemu ya juu upande wa nje, inayoshughulika na mwendo. Sehemu ya chini upande wa ndani inagusa hisia, na umeme ukifika huko mtu anaweza kubadilika tabia.

Baadaye daktari anaweza kuchagua kipande kipi cha chuma kitoe umeme, na hivyo kurekebisha kosa dogo. Waya uliokosea kwa milimita tatu au nne huwa hauokolewi kwa kurekebisha mashine, na mara nyingi hulazimu kurudi kwenye meza ya upasuaji kuuhamisha.