Mikataba haijabadilishwa, imebadilishanwa

Binamu yangu ananunua nyumba Reading, mji wa England. Wiki iliyopita alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia: "Jamani, mikataba imeshabadilishwa, mshukuruni Mungu." Tanga hawakulala. Alfajiri mama mdogo akanipigia: "Wamebadilisha nini? Wameongeza bei?"

Si mara ya kwanza kulisikia kosa hili, ila safari hii limemnyima mtu mzima usingizi, kwa hiyo naandika.

Kubadilishana mikataba ni ile hatua ambayo mnunuzi na muuzaji wa nyumba England wanafungwa kisheria. Kabla yake, hata kama ofa imekubaliwa na mmeshikana mikono, yeyote anaweza kujitoa bila kumlipa mwenzake fidia. Baada yake, hakuna kurudi nyuma bila gharama. Nasema England kwa makusudi. Wales inafuata utaratibu huohuo, lakini Uskoti ina sheria zake na haimo humu. Maana yenyewe ndiyo hiyo tu.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Ukibadili nguo, unavua hii unavaa ile. Ukibadilisha mkataba, umefuta kitu au umeongeza kitu, na mama mdogo ana haki ya kuuliza ni kitu gani. Lakini ukitia ile -na ya mwisho, kitu chenyewe hakiguswi, kinachohama ni mikono. Watoto wakibadilishana madaftari darasani ili wasahihishiane hesabu, hakuna tarakimu iliyofutwa. La Juma liko kwa Asha, la Asha liko kwa Juma, basi.

Ndivyo ilivyo kwa nyumba. Wakili wa muuzaji hutayarisha mkataba, zikatoka nakala mbili zinazofanana. Muuzaji husaini moja, mnunuzi husaini nyingine. Siku ikifika, iliyosainiwa na muuzaji huwa ya mnunuzi, na iliyosainiwa na mnunuzi huwa ya muuzaji. Kila mmoja anabaki na sahihi ya mwenzake, maana ya kwake haina faida kwake. Na nakala hizo zinatakiwa zifanane. Moja ikiwa na sharti ambalo nyingine haina, mnaweza kujikuta mmebadilishana karatasi na mkataba haujazaliwa. Kwa hiyo "imebadilishwa" si kosa dogo la sarufi tu. Inataja jambo lilelile linaloweza kuharibu kazi yote.

Mawazo haya ya nakala pacha ni ya kale kwa Waingereza. Zamani waliandika maneno yaleyale mara mbili juu ya ngozi moja, kisha wakaikata katikati kwa mstari wa menomeno, kila mtu akaondoka na kipande chake. Pakitokea ugomvi, vipande vinaunganishwa, na meno yasipokutana kuna mtu ameghushi. Jina la Kiingereza la hati za namna hiyo limetoka kwenye neno la Kilatini la jino. Siku hizi hakuna meno, kuna sheria ya mwaka 1989, kifungu cha 2: mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uandikwe, masharti yote mliyokubaliana yawemo ndani ya hati moja, au ndani ya kila nakala kama mnabadilishana, na kila upande uwe umesaini. Neno la mdomo halifungi mtu, hata mbele ya mashahidi kumi.

Kinachochekesha ni kwamba siku yenyewe kwa kawaida hakuna anayempa mwenzake karatasi. Mawakili wawili hupigiana simu. Kila mmoja anathibitisha kuwa ameshika nakala ya mteja wake, imesainiwa, bei ni hii, siku ya kuhamia ni hii. Wanaandika tarehe na saa, wanakata simu. Hapo wateja wao wamefungwa, na karatasi zinafuata baadaye kwa posta. Mahakama ya Rufani iliukubali utaratibu huu mwaka 1980, na chama cha mawakili kina kanuni zake tatu, A, B na C. Ya C ni ya minyororo, yaani pale anayekuuzia naye ananunua kwa mwingine, na yule kwa mwingine, na wote lazima wafungwe siku moja.

Turudi kwa binamu. Nilimpigia nikamuuliza, "Arubuni imekwenda?" Akasema, "Arubuni gani? Nimesaini tu, nikampelekea wakili."

Hapo ndipo kwenye kosa la pili, na hili linatoka kwenye desturi zetu. Kwetu kusaini ndiko kufunga. Mnakaa kwa wakili au kwa mwenyekiti wa mtaa, mnasaini pamoja, mashahidi wanasaini, pesa inahesabiwa, mmemaliza. England mtu anaweza kusaini leo, karatasi ikakaa kwenye faili la wakili wake wiki kadhaa bila tarehe, na katika muda wote huo muuzaji ana ruhusa ya kumsikiliza anayepanda dau. Sahihi yako iliyo mikononi mwa wakili wako mwenyewe haijamfunga mtu. Si ustaarabu, nakubali, na Waingereza wenyewe wanalalamika, lakini ndiyo sheria.

Arubuni ndiyo dalili nzuri ya kuulizia. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na lina ndugu kwenye Kiebrania na Kigiriki cha kale. Wafanyabiashara wa zamani wote walijua kwamba pesa iliyotangulia ndiyo ulimi usiogeuka. Kwa nyumba za England, arubuni kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na huwa tayari kwa wakili siku ya kubadilishana. Mnunuzi akijitoa baada ya hapo, kwa kawaida ameipoteza. Muuzaji akijitoa, anaweza kushtakiwa, hata akalazimishwa na mahakama kuuza. Na kwa masharti ya kawaida yanayotumika huko, nyumba ikiungua kesho yake hasara ni ya mnunuzi ingawa hana ufunguo, ndiyo maana bima huanza siku hiyohiyo. Ufunguo na salio ni siku nyingine, siku ya kukamilisha. Umiliki wa kisheria nao unasubiri usajili kwenye daftari la ardhi la serikali.

Wanaosema "tumeeksichenji" sina ugomvi nao, hawajapoteza maana. Binamu naye nimemwomba arekebishe ujumbe wake kwenye grupu: "Nimesaini, karatasi iko kwa wakili, mawakili hawajabadilishana." Mama mdogo ameusikiliza mara mbili, akauliza kama bei ni ileile. Ni ileile, mama, mpaka sasa.